MAISHA YA MUHUMUZA, BIBI ALIYEFUNGWA BUKOBA

Wengi wetu tumepata kutazama sinema za katuni za Wajapani. Iko moja iliyotoka mwaka 1999, na sehemu yake ya pili ikatoka mwaka 2004, inayomhusu msichana wa shule. Msichana huyo akivaa kitambaa cha kufunika jicho, nguvu za Yagyu Jubei humwingia, naye huwa hodari wa upanga asiyeshindwa. Jubei alikuwa mtu kweli, shujaa wa Ujapani aliyekufa mwaka 1650. Lakini msichana yule ni wa kubuniwa tu. Sisi wa pande hizi za Ziwa tunayo habari ya namna hiyo iliyotukia kweli. Ni habari ya mwanamke aliyesema kwa jina la malkia aliyekufa zamani, akakusanya watu, akapigana na watawala wa Kizungu. Tena miaka ipatayo miwili ya maisha yake aliipitisha kifungoni Bukoba. Jina lake lilikuwa Muhumuza.

Kwanza yafaa tukumbuke desturi moja ya wazee wetu. Katika Buhaya walikuwako watu walioitwa embandwa. Hao walikuwa watumishi wa wakuu wa kale, kama Wamara, ambaye husimuliwa kuwa mfalme wa Bachwezi, na Mugasha, bwana wa Ziwa, ambaye wavuvi walimheshimu sana. Embandwa alipopandwa, watu hawakumhesabu tena kuwa jirani yao wa kila siku. Walimsikiliza kana kwamba ni Mugasha mwenyewe anayesema. Mtu mnyonge, hata mwanamke asiye na shamba wala ng'ombe, aliweza kwa saa ile kumwamuru mtu mkubwa, na mtu mkubwa akatii.

Magharibi yetu, katika nchi ya Ndorwa, ambayo leo sehemu yake moja imo Rwanda na nyingine imo Uganda, watu walikuwa na jina lao kubwa kuliko yote, nalo ni Nyabingi. Sisi tusemao Kihaya hatuna haja ya kufasiriwa jina hilo: maana yake ni mwenye vingi. Masimulizi juu yake hayapatani. Wengine husema alikuwa malkia wa Ndorwa, na wengine husema asili yake ni huku kwetu Karagwe. Lakini wote hupatana katika neno hili, kwamba alikuwa mwanamke mwenye enzi, na kwamba baada ya kufa kwake roho yake haikutulia, bali ilikuwa ikichagua watu wa kusema kwa vinywa vyao. Watumishi wake waliitwa bagirwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Walijifunika nguo za rubugo, wakageuza sauti zao, na watu wakawaletea ng'ombe, mbuzi na pombe ili wapate uzazi, afya na mvua.

Muhumuza alitokea katika desturi hiyo. Yeye alijitangaza kuwa mmoja wa wake za Mwami Rwabugiri wa Rwanda, mfalme mpiganaji aliyeeneza nchi yake kwa vita vingi. Rwabugiri alikufa mwaka 1895. Mwanawe Rutarindwa alishika kiti, lakini mwaka uliofuata ulitokea ugomvi mkubwa wa ukoo mahali paitwapo Rucunshu. Rutarindwa akafa pamoja na watu wake, na kiti akapewa kijana Musinga, ambaye mama yake, Kanjogera, na ndugu za mama huyo ndio waliokuwa na nguvu. Muhumuza hakukubali. Alidai kwamba mrithi wa haki ni mwanawe Biregeya, akakimbilia upande wa kaskazini, katika milima ya Ndorwa, mbali na mkono wa Musinga.

Hebu tufikiri hali yake ilivyokuwa. Alikuwa mjane aliyeshindwa katika ugomvi wa kifalme. Hakuwa na jeshi wala hazina. Musinga alikuwa na jeshi lake, tena aliungwa mkono na Wadachi, ambao mwaka 1907 walituma mkuu wao, Richard Kandt, akajenga boma lake Kigali. Kama Muhumuza angewaita watu wa Ndorwa kwa jina lake mwenyewe, ni wangapi wangekuja? Watu wale hawakuwapenda wafalme wa Rwanda, kwa kuwa Rwabugiri mwenyewe alikuwa amewapiga vita. Mjane wa Rwabugiri hakuwa na dai juu yao. Lakini Nyabingi alikuwa wao. Basi Muhumuza aliposema kwa sauti ya Nyabingi, milima ilimsikiliza. Wakulima waliochoshwa na kodi na kazi za kulazimishwa walimjia, na maadui wa Musinga wakamjia pia, hata jina lake likavuma mbali.

Wadachi hawakuweza kuliacha jambo hilo. Walimkamata wakampeleka Bukoba, akawekwa huko kwa muda wa miaka ipatayo miwili. Bukoba ilikuwa ngome yao kubwa katika pande hizi tangu Emin Pasha alipoijenga mwaka 1890, na ilikuwa mbali na milima ya Ndorwa. Mtu wa Ndorwa aliyeletwa huko alilazimika kuvuka nchi ya Karagwe yote, kisha akaona mbele yake Ziwa lisilo na mwisho. Kwa mawazo ya Wadachi, mwanamke aliyetolewa katika milima yake angekuwa mwanamke tu, na Nyabingi angebaki nyuma.

Wakati ule Buhaya ilitawaliwa na Wadachi kwa mikono ya Bakama wetu. Aliyesifiwa nao kuliko wengine alikuwa Kahigi wa Kihanja, ambaye alichagua urafiki na serikali, na kwa urafiki huo nchi yake ikakua na heshima yake ikazidi. Hatumtaji hapa ili tumlaumu. Kahigi aliona nguvu za bunduki akapima, akaamua kuokoa kiti chake kwa kupatana. Muhumuza aliona bunduki zile zile, askari wale wale, naye hakupatana na mtu. Watu wawili wa zama moja waliliona jambo moja, na kila mmoja akafuata njia yake. Ni vema kijana anayesoma historia ajue kwamba njia zote mbili zilikuwako, na kila moja ilikuwa na gharama yake.

Mwaka 1911 Muhumuza alikuwa tena milimani. Kifungo hakikumpunguza, kinyume chake, watu waliona kwamba Wazungu walimchukua wakashindwa kummeza. Tena alirudi wakati nchi imechafuka. Mwaka 1910 Waingereza, Wadachi na Wabelgiji walikuwa wamekubaliana Ulaya jinsi ya kugawana milima ile, na sasa wapima mipaka walikuwa wakipita, wakiweka alama juu ya vilima, huku wenyeji hawajaulizwa neno. Ndugu mmoja alijikuta upande wa Waingereza na ndugu yake upande wa Wadachi. Pamoja na wapima mipaka walikuja mawakala wa Kiganda waliotumwa na Waingereza, nao walidai chakula, wapagazi na utii.

Muhumuza akatangaza kwamba atawafukuza Wazungu. Aliwaambia watu kwamba katika pango moja lililoko Ihanga, karibu na mahali ulipo mji wa Kabale leo, imefichwa Kalinga, ngoma ya ufalme wa Rwanda, na kwamba ngoma hiyo ikipatikana, ng'ombe wengi watatoka ardhini na mwanawe atatawala. Yasemekana wafuasi wake waliamini pia kwamba risasi za Wazungu zitageuka kuwa maji. Neno hilo tunalijua sisi Watanzania. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akawapa watu dawa ya maji iwakinge na risasi za Wadachi. Akanyongwa mwaka ule ule, na Vita vya Maji Maji vikaua maelfu kwa maelfu.

Wala tusifiche upande wa pili wa habari. Si watu wote wa Ndorwa waliomfuata Muhumuza kwa kupenda. Wakuu wa milima waliokataa kumtii walitishwa kifo cha kutisha, na vijiji vilivyowapokea mawakala wa Kiingereza vilishambuliwa. Wengine walitoa ng'ombe kwa imani, na wengine walitoa kwa hofu. Sauti ya Nyabingi, iliyompa nguvu mjane asiye na kitu, ilikuwa pia sauti isiyoweza kuulizwa swali. Nani angethubutu kubishana na malkia aliyekufa? Hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yake.

Mwishoni mwa Septemba 1911 Waingereza, wakiongozwa na Kapteni Reid, pamoja na askari na mawakala wa Kiganda, walimwendea huko Ihanga. Vita vilipiganwa kwa saa nyingi. Watu wa Muhumuza walikuwa na mikuki na mishale, na ushujaa wao haukuwa haba. Lakini risasi hazikugeuka maji. Wengi walianguka. Muhumuza mwenyewe alipigwa risasi mguuni, akashikwa. Ngoma ya Kalinga haikutoka pangoni.

Safari hii hakupelekwa Bukoba. Waingereza walimpeleka Kampala, na huko ndiko alikokaa mpaka mwisho wa maisha yake. Hakurudishwa tena kwao. Aliishi katika uhamisho kwa miaka 34. Alipoingia Kampala, Wadachi walikuwa watawala wa Bukoba. Akiwa huko Vita Kuu ya Kwanza ikaja ikawaondoa, na Vita Kuu ya Pili ikaja pia. Alikufa mwaka 1945, mzee, mbali na milima yake. Waingereza walikuwa wamemwogopa kiasi cha kutunga sheria: mwaka 1912, mwaka mmoja baada ya Ihanga, serikali ya Uganda ilipitisha sheria ya kupiga marufuku uchawi, na kwa sheria hiyo watumishi wengi wa Nyabingi walifungwa.

Je, Muhumuza alipofungwa, Nyabingi alikwisha? Sinema ile ya Wajapani ina sehemu yake ya pili, na habari hii nayo ina sehemu ya pili, tena na ya tatu. Kabla mwaka haujapita tangu vita vya Ihanga, alitokea kijana Ndungutse, akajitangaza kuwa mwana wa Muhumuza, akainua kaskazini ya Rwanda yote; Wadachi wakamvunja mwaka 1912. Baada yake akaja Ndochibiri, mtu aliyeitwa hivyo kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa na vidole viwili. Naye aliwasumbua Waingereza na Wabelgiji kwa miaka kadhaa mpaka alipouawa mwaka 1919. Hata mwaka 1928 Kigezi ilichafuka tena kwa jina lile lile. Serikali ziliweza kumshika mtu, lakini jina halifungwi pingu. Ajabu zaidi, jina hilo lilivuka bahari. Katika kisiwa cha Jamaika, Marasta waliotokea katika miaka ya 1930 waliyaita makusanyiko yao ya ngoma na maombi Nyabinghi, na wanayaita hivyo mpaka leo.

Tuseme nini basi juu ya bibi huyu? Wako wanaosema alikuwa mdanganyifu, aliyewapeleka watu kufa kwa ahadi ya ng'ombe wa pangoni. Wako wanaosema alikuwa shujaa wa uhuru kabla ya neno uhuru halijavuma. Mimi naona kila upande unashika kipande cha ukweli. Watu waliokufa Ihanga walikufa kweli, na ahadi waliyopewa haikutimia. Lakini pia ni kweli kwamba watawala wenye mabunduki walimwogopa mwanamke asiye na bunduki moja, wakatumia majeshi, kifungo na sheria ili wamnyamazishe.

Neno moja halina ubishi. Malkia wa kale hakutembea kutoka Ndorwa hadi Bukoba; Muhumuza ndiye aliyetembea. Malkia wa kale hakupigwa risasi mguuni, wala hakukaa Kampala miaka 34 akingoja kurudi nyumbani. Moyo ule wa kutokukubali ulikuwa wa Muhumuza mwenyewe. Ila katika zama zake, mwanamke aliyesema kwa sauti yake mwenyewe mbele ya wakuu hakusikilizwa. Ilimbidi aazime sauti ya aliyekufa.

Wanafunzi wenzangu, na hasa ninyi wasichana, hapo ndipo penye tofauti kati yetu na yeye. Leo msichana wa Muleba anaweza kusimama darasani, katika mkutano wa kijiji au Bungeni, akasema kwa jina alilopewa na baba na mama yake. Naye akisema kwa jina lake, wengine wanaweza kumjibu, kumkosoa na kumsahihisha, jambo ambalo watu wa Ndorwa hawakuweza kumfanyia Nyabingi. Tukienda Bukoba tukasimama ufukoni kutazama Ziwa, tumkumbuke mjane yule wa milimani aliyeletwa huko kwa nguvu. Kisha turudi shuleni, tujifunze kusema vema, kila mmoja kwa sauti yake.