Solomon Linda: Simba Aliyelazwa kwa Kiingereza

Ile ngoma ya simba anayelala msituni kila mwanachuo anaijua, si kwa sababu ya filamu ya The Lion King? Ukiuliza mwenyewe nani, wengi watakutajia Disney. Mwenyewe ni Mzulu, Solomon Linda, na simba wake hakuwa amelala hata kidogo.

Linda alizaliwa 1909 Msinga, huko Natal, Afrika Kusini. Utotoni alichunga ng'ombe, na inasimuliwa kwamba kazi yao ilikuwa pia kuwalinda ndama wasiliwe na simba. Miaka ya 1930 akaenda Johannesburg kusaka maisha, akaongoza kundi la Original Evening Birds: jamaa wa besi chini, yeye juu kwa sauti nyembamba.

Mwaka 1939 wakarekodi "Mbube" kwenye studio ya Gallo. Mbube ni simba. Waitikiaji wanarudia neno moja tu, la kumwambia mtu kwamba yeye ni simba. Kizulu kinatanguliza nafsi mbele ya neno, kama sisi tunavyosema u mzima, kwa hiyo ukielezwa mara moja unalisikia. Ni sifa ile, tena ya kumwamsha mtu. Karibu na mwisho Linda akabuni papo hapo kipande kifupi cha tuni. Santuri zikauzwa kama 100,000, na mtindo mzima wa kwaya ukaitwa mbube. Yeye alikuwa kiwandani kwa Gallo, anafungasha santuri.

Santuri moja ikamfikia Pete Seeger wa The Weavers, Marekani. Kizulu hakijui, yeye akasikia "Wimoweh", na 1952 ngoma ikatoka kwa jina hilo. Neno likawa mlio tu. Hapo ndipo panaponiuma, maana wimbo ukishageuka mlio, nani atauliza aliyetunga? Mtunzi akaandikwa Paul Campbell, mtu ambaye hakuwepo. Lilikuwa jina la kubuni la The Weavers wenyewe.

Mwaka 1961 George David Weiss akawaandikia The Tokens maneno ya Kiingereza juu ya kile kipande cha papo hapo. Simba akalazwa, tena msituni (yaani hata mtoto wa Serengeti anajua simba ni wa nyikani), na wimbo wa kumwita mtu simba ukawa wa kubembelezea watoto. Desemba hiyo ukashika namba moja Marekani.

Mwaka 1962 Linda akafariki kwa ugonjwa wa figo. Haki zake alishaziuza kwa Gallo kwa shilingi 10. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe. Binti zake walifungua kesi 2004, wakapatana na wenye hakimiliki 2006, na baba yao akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza. Mwenza!