Grace Hopper: Mwalimu wa hesabu aliyezitafutia kompyuta lugha moja

DEREVA wa lori la mizigo kutoka Mombasa anapofika Busia siku hizi hakaguliwi na Kenya kisha akavuka kwenda kuanza upya Uganda. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja, na msafiri hukamilisha taratibu upande wa nchi anayoingia. Habari za mzigo wake nazo zimetangulia kwa kompyuta. Kenya ina mfumo wake wa forodha, Uganda ina wa kwake, na mifumo hiyo hupashana habari chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha.

Kuandika na kutunza programu za aina hiyo ni kazi inayotamaniwa na vijana wengi wa ukanda huu, wakiwamo wanaosomea uhandisi wa kompyuta Chuo Kikuu cha Busitema, kando ya barabara kuu ya kutoka Jinja kwenda Tororo. Maswali yanayowasumbua yanafanana: Je, aliyechelewa kuanza anaweza kufika? Je, aliyefeli mara moja anafaa? Na je, kazi hii inapandaje, kutoka kuandika mistari ya msimbo hadi kuwa mtu ambaye wengine wanamtegemea?

Mwanamke mmoja wa Marekani, aliyefariki dunia mwaka 1992, aliyajibu maswali hayo kwa maisha yake. Jina lake ni Grace Hopper.

Saa saba na mtihani wa Kilatini

Grace Brewster Murray alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya kengele ili ajue inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuirudisha, alifungua nyingine aone zimepangwaje, na kabla mama yake hajagundua, saa saba za nyumbani zilikuwa zimelala vipande vipande. Mama hakumpiga marufuku. Alimruhusu kuendelea, ila kwa saa moja tu.

Baba yake, aliyekatwa miguu yote miwili kwa sababu ya maradhi, alitaka mabinti zake wasome sawasawa na kaka yao, jambo ambalo halikuwa la kawaida zama hizo. Hata hivyo, safari ya shule haikunyooka. Grace alifeli Kilatini, akakosa nafasi ya kuingia Chuo cha Vassar akiwa na miaka 16, ikabidi asubiri mwaka mmoja. Alihitimu hapo mwaka 1928 katika hesabu na fizikia, akaenda Chuo Kikuu cha Yale alikopata shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya udaktari wa falsafa katika hesabu mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, ambaye walitalikiana mwaka 1945. Jina la Hopper alibaki nalo.

Kwa zaidi ya miaka kumi alifundisha hesabu Vassar. Kazi ilikuwa ya heshima na ya kudumu. Lau vita visingekuja, huenda angestaafu hapo, na wachache wangemjua nje ya chuo hicho.

Kuanza upya akiwa na miaka 37

Marekani ilipoingia Vita vya Pili vya Dunia, Hopper aliomba kujiunga na jeshi la majini. Alikataliwa. Umri ulikuwa umepita, na uzito wake ulipungua kwa takriban kilo saba chini ya kiwango kilichotakiwa. Hakukata tamaa, akaomba ruhusa maalumu, na Desemba 1943 akaandikishwa kwenye jeshi la akiba. Katika mafunzo ya uofisa alimaliza akiwa wa kwanza darasani.

Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mtambo ambao hakuwahi kuuona maishani. Uliitwa Mark I. Ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, uzito wa takriban tani tano, na uliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde. Amri zake ziliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Hakukuwa na shule ya kazi hiyo wala kitabu. Mkuu wake, Howard Aiken, alimpa hesabu za kijeshi za kufanya, kisha akamwagiza aandike kitabu cha maelekezo ya mtambo huo. Hopper akakiandika, na kilipochapishwa mwaka 1946 kilikuwa na zaidi ya kurasa 500.

Kitabu hicho kilimjenga kikazi. Wengine walijua kuuendesha mtambo, lakini yeye alilazimika kuuelewa kiasi cha kumweleza mtu ambaye hajawahi kuuona.

Harvard ndiko pia kulikotoka kisa cha nondo. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mtambo wa Mark II walimkuta mdudu huyo amenaswa ndani ya mitambo, wakambandika kwenye daftari la kazi. Wahandisi walikuwa tayari wakiita hitilafu mdudu tangu zamani, na si Hopper aliyemkuta nondo yule. Lakini alikisimulia kisa hicho miaka mingi kwa ucheshi, hata watu wengi wakadhani ni chake.

Mwaka aliokaribia kuanguka

Vita vilipokwisha, Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke wa aina yake. Mwaka 1949 ilibidi aondoke. Alikuwa na miaka 42, ameachana na mumewe, kazi ya ualimu aliyoiacha Vassar alikwisha kuikataa waliporudi kumwita, na alikuwa anakunywa pombe kupita kiasi. Marafiki waliingiwa na hofu juu yake. Wasifu mwingi wa watu mashuhuri huruka ukurasa huu, lakini bila huo hatua iliyofuata haieleweki uzito wake.

Alihamia Philadelphia kwenye kampuni changa ya Eckert na Mauchly, iliyokuwa inatengeneza kompyuta ya kibiashara ya UNIVAC. Kampuni hiyo ilikuwa na uhaba wa fedha, na mwaka 1950 ilinunuliwa na Remington Rand. Kwa mtu aliyekwisha kuwa na kazi ya kudumu, huo ulikuwa mchezo wa kubahatisha. Lakini ndiko alikofanya kazi iliyobadilisha fani nzima.

Boda boda kati ya mtu na mashine

Wakati ule, kuandika programu kulimaanisha mtu kujifunza lugha ya mashine. Hopper mwenyewe alizama mno katika hesabu za msingi wa nane hata akakuta daftari lake la benki halilingani, kwa kuwa alikuwa anatoa fedha zake kwa hesabu za kompyuta badala ya hesabu za kawaida. Aliona pia kwamba wenzake walinakili vipande vile vile vya msimbo kutoka daftari moja hadi jingine, na kila mara walikosea kunakili.

Akajiuliza kwa nini kazi hiyo ya kunakili na kupanga isifanywe na mashine yenyewe. Mwaka 1952 alikuwa na programu iliyofanya hivyo, ikiitwa A-0. Ndiyo mwanzo wa kile kinachoitwa leo kompaila, yaani programu inayopokea maandishi ya mwanadamu na kuyageuza yawe amri za mashine.

Mtu wa Busia ataelewa upesi. Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huo, pale waendesha baiskeli walipovusha abiria na mizigo kati ya kituo cha nchi moja na kile cha nchi ya pili. Kompaila ni boda boda wa aina yake: upande mmoja mtu, upande wa pili mashine, na katikati mvushaji anayewafikishia ujumbe.

Wengi hawakumwamini. Walishikilia kwamba kompyuta hufanya hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Kwa muda mrefu programu ilikuwa mbele yao, inafanya kazi, na bado hawakutaka kuigusa.

Hopper akasonga mbele zaidi. Alikuwa amegundua kwamba wafanyabiashara na makarani hawapendi alama za hesabu, wanataka maneno. Kikosi chake kikatengeneza lugha ya FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza. Ili kuwaonyesha wakuu wa kampuni kwamba mashine haijali neno linatoka lugha gani, aliwaandalia programu ile ile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Wakashtuka. Kwao haikuingia akilini kwamba kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania iweze kuelewa Kifaransa. Ilimchukua miezi kuwatuliza, kwa kuahidi kwamba watatumia Kiingereza pekee. Hoja yake, hata hivyo, ilikuwa sahihi: kwa mashine, neno ni alama tu. Kiswahili au Kijapadhola kingefanya kazi ile ile.

Reli ya upana mmoja

Tatizo kubwa zaidi lilibaki. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake, na programu iliyoandikwa kwa kompyuta moja haikufaa kitu kwenye kompyuta ya kampuni nyingine. Anayebadili mashine alianza upya.

Watu wa Tororo, mji uliokua kwenye makutano ya reli, wanalijua jambo hili kwa macho. Behewa kutoka Mombasa huweza kupita Malaba na kuingia Tororo kwa sababu reli ya zamani ina upana ule ule pande zote mbili. Upana ukitofautiana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya.

Mei 1959 wawakilishi wa makampuni, wateja na serikali walikutana wizara ya ulinzi ya Marekani, Pentagon, kutafuta lugha moja ya biashara kwa kompyuta zote. Wazo la kuitisha juhudi hiyo lilitoka kwa Mary Hawes, na kazi ya kuandika kanuni ilifanywa na kamati iliyokuwa na wataalamu kama Jean Sammet. Hopper alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC yake ndiyo iliyotoa msingi mkubwa. Matokeo yakaitwa COBOL. Desemba 1960, programu ile ile, ikiwa na mabadiliko machache tu, iliendeshwa kwenye kompyuta mbili za makampuni yanayoshindana, UNIVAC II na RCA 501. Hadi leo, benki na ofisi nyingi za serikali duniani zinaendesha mifumo iliyoandikwa kwa COBOL.

Kukubaliana ni hatua moja, kutekeleza ni nyingine. Watengenezaji walianza kuongeza vionjo vyao, na lugha moja ikaelekea kuwa lugha kadhaa. Hopper alistaafu jeshi la akiba mwishoni mwa 1966. Agosti 1967 aliitwa tena kwa miezi sita, kusaidia kusawazisha lugha za kompyuta za jeshi la majini. Miezi sita ikawa karibu miaka 20. Chini yake zilitengenezwa programu za kupima kama kompaila ya kampuni fulani kweli inafuata kanuni au inadai tu. Mwenye bidhaa isiyofaulu alijulikana.

Kwa Jumuiya yenye Umoja wa Forodha tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010, hapo pana funzo. Itifaki hutiwa saini na marais mezani, lakini uhai wake hupimwa na mchuuzi wa Busia anayevuka na gunia la mahindi. Bila kipimo, kila nchi huongeza kionjo chake.

Kupanda bila kuacha kufundisha

Vyeo vilimfuata uzeeni. Mwaka 1969 chama kimoja cha wataalamu wa kompyuta kilimpa tuzo yake ya kwanza ya mwanamume wa mwaka, jina ambalo hakuna aliyefikiria kulibadilisha. Alikuwa kapteni mwaka 1973, komodoro mwaka 1983, na mwaka 1985 akafikia daraja la admirali. Tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, alistaafu kwenye meli ya kihistoria ya USS Constitution mjini Boston. Hakurudi nyumbani kupumzika. Alichukua kazi ya ushauri katika kampuni ya Digital, akaendelea kuzunguka akihutubia.

Katika hotuba hizo aligawa vipande vya waya vya urefu wa karibu sentimita 30, umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ofisini alitundika saa inayozunguka kinyume, kuwakumbusha wageni kwamba mazoea si sheria.

Alifariki dunia tarehe 1 Januari 1992 akiwa na miaka 85, akazikwa makaburi ya kitaifa ya Arlington. Meli ya kivita ya USS Hopper imepewa jina lake, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku, baada ya kifo, nishani ya juu kabisa ya kiraia ya Marekani.

Ukizipanga hatua zake, si umahiri wa mtambo mmoja uliompandisha. Mark I ilikwisha kazi, UNIVAC ikapitwa, lakini kila alipohama alibeba alichokijua na kukiacha katika hali ambayo mwingine angeweza kukitumia: kitabu cha maelekezo, kompaila, lugha ya pamoja, kipimo, mwanafunzi. Kijana wa Busia au Tororo aliyeshika kompyuta ya mkononi akiwa na miaka 30, na hofu kwamba amechelewa, bado ana miaka saba kabla ya kufikia umri ambao Grace Hopper aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza.