Boyd Orr: Daktari aliyeyatafutia maziwa soko

KIJANA anayenyanyua vyuma jijini Arusha hununua kopo la unga wa protini lililotoka ng'ambo, wakati mfugaji wa miteremko ya Mlima Meru anahangaika kupata mteja wa maziwa yake. Unga huo, mara nyingi, umetokana na maziwa. Pengo la namna hiyo, kati ya mwenye chakula na anayekihitaji, ndilo alilopigana nalo maisha yake yote mtaalamu wa lishe, John Boyd Orr.

Boyd Orr alizaliwa Septemba 23, 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, Scotland. Baada ya masomo yake Chuo Kikuu cha Glasgow, alipangiwa kufundisha shule ya watoto maskini jijini humo. Alikuta watoto wamekonda kwa njaa. Alipoona hana uwezo wa kuwaondolea shida ile, aliacha kazi baada ya siku chache. Alifundisha kwingine kwa muda, kisha akarudi chuoni kusomea udaktari.

Huko ndiko alikoanza utafiti wa umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokitumia chakula. Akiwa na mwalimu wake, Cathcart, alichunguza protini na kreatini, vitu ambavyo leo wanamichezo hununua kwa makopo. Walipima pia nguvu inayotumiwa na askari wapya katika mazoezi.

Mwaka 1914 alihamia Aberdeen kuanzisha kituo cha utafiti wa lishe. Vita Kuu ya Kwanza ilimchukua, akatumikia akiwa daktari wa jeshi na kutunukiwa nishani za ushujaa. Kituo hicho, Taasisi ya Rowett, kilifunguliwa rasmi mwaka 1922 na kilianza na lishe ya mifugo.

Maziwa yaliyokuwa yakimwagwa

Miaka ya 1920 wakulima wa Scotland walikuwa na maziwa mengi yasiyo na wanunuzi, mengine yakimwagwa. Boyd Orr aliyapeleka shuleni. Kundi moja la watoto lilipewa maziwa kamili, jingine maziwa yaliyoondolewa mafuta, na jingine biskuti zenye nguvu sawa na maziwa. Waliokunywa maziwa, hata yale yasiyo na mafuta, walikua haraka zaidi. Bunge likaruhusu halmashauri za Scotland kugawa maziwa shuleni, na wafugaji wakapata soko jipya.

Wamasai na Wakikuyu

Jina lake linaihusu pia Afrika Mashariki. Mwaka 1931, yeye na Dk. Gilks, mkuu wa huduma za afya nchini Kenya, walitoa ripoti iliyolinganisha Wamasai waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu waliotegemea nafaka na mizizi. Mwanaume wa Kimasai alimzidi wa Kikuyu kwa wastani wa sentimita 13 za urefu, kilo 10 za uzito na asilimia 50 ya nguvu za misuli.

Hata hivyo, takwimu hizo zilisomwa kwa haraka. Wanahistoria waliozipitia upya wameonyesha kuwa wanawake wa Kikuyu, waliokula mboga za majani kwa wingi, walikuwa na afya nzuri kuliko wanaume wao. Aidha, ripoti haikutilia uzito suala la ardhi ambayo Wakikuyu walinyang'anywa na walowezi.

Mwaka 1936 Boyd Orr alichapisha utafiti uliowashtua watawala wa Uingereza. Ulionyesha kuwa karibu nusu ya wananchi hawakuwa na kipato cha kununua chakula kinachotosha kwa afya. Kwake, lishe duni haikuwa ujinga wa mlaji peke yake. Ilikuwa pia suala la mfuko wake.

Mwaka 1945 alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Alipendekeza bodi ya dunia ya kununua ziada ya mazao, kutuliza bei na kuwafikishia chakula wenye njaa. Marekani na Uingereza zilikataa, naye akaondoka mwaka 1948. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, na fedha zake akazitoa kwa vyama vya kutetea amani. Alifariki dunia Juni 25, 1971 akiwa na miaka 90.

Hesabu ya leo

Utafiti wa sasa unaonyesha kuwa mnyanyua vyuma anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 112. Lita moja ya maziwa ina takriban gramu 33, mayai manne 24, na robo kilo ya maharage makavu zaidi ya 50. Jumla inakaribia kiwango hicho bila kopo lolote. Inayozidi haijengi misuli. Mwili huichoma au kuigeuza mafuta, na naitrojeni yake hutoka na mkojo.

Kwa mfugaji wa Meru na mwenye duka karibu na ukumbi wa mazoezi, hesabu hiyo ni biashara. Maziwa, mtindi na mayai yakiwa safi na ya bei nafuu, mteja yupo mlango wa pili.