Bárány, Daktari wa Kizunguzungu

Hapa chuoni mtu akisema anasikia kizunguzungu, jibu ni moja: presha, au hujala. Ndiyo maana leo nawaletea habari za Robert Bárány.

Alizaliwa Vienna mwaka 1876. Alipokuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, walilalamika kizunguzungu. Akachunguza, kumbe maji ya baridi huyachezesha macho upande mmoja, ya moto upande wa pili! Akawa amepata kipimo cha mizani ya mwili iliyomo sikioni.

Vita Kuu ya Kwanza ikamfanya mateka wa Warusi, na Tuzo ya Nobel ya 1914 ikamkuta kambini. Aliachiwa 1916, akahamia Uppsala, Uswidi. Mwaka 1921 akaeleza kizunguzungu kinachozuka kichwa kikigeuka tu. Alifariki 1936.

Waliomfuata walitambua chanzo chake: vijiwe vidogo vilivyohama ndani ya sikio. Daktari hukulaza, akageuza kichwa hatua kwa hatua mpaka virudi mahali pake.

Basi mwenzangu, ukijigeuza kitandani na chumba kikazunguka kwa sekunde chache, usikimbilie vidonge. Nenda ukapimwe sikio.