Mwalimu Nyerere na Hesabu ya Bao

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Yasemekana umahiri wake wa kucheza soro, mchezo wa ukoo mmoja na bao, ulionekana tangu utotoni. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, mji ambamo njia ya misafara ya pwani iligawanyika kuelekea Ujiji na Karagwe, nacho Kiswahili kikaenea pamoja na misafara hiyo. Baada ya kuhitimu Makerere alirejea Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, 1946 hadi 1949.

Waandishi wengi wa maisha yake hulitaja bao kama burudani tu. Maelezo hayo hayatoshi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64 zisizotofautiana. Kompyuta, ambayo katika sataranji hulazimika kujua aina na rangi ya kila kete, hapa ingedhaniwa kutosheka na orodha ya namba 32. Sivyo. Wakati wa namua ni lazima itunze pia akiba ya kila mchezaji, zamu ni ya nani, na iwapo nyumba ingali nyumba. Kwani nyumba iliyokwisha kutawanywa, hata ikijaa tena, hairejeshewi hadhi yake. Jambo hilo halionekani ubaoni. Mchezaji hulibeba kichwani, pengine kwa mchezo mzima.

Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 aliendelea kucheza bao kijijini Butiama. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.