Jim Konstanty: Aliyeitwa Wenzake Walipochoka

Leo tuache soka letu kidogo, twende Marekani kwenye besiboli. Kule kuna mrushaji anayeanza mchezo, halafu kuna wa akiba, anayekaa pembeni akisubiri mwenzake achoke au aharibu. Yaani ukiitwa, unakuta mambo yameshachafuka, na kosa lako moja linaweza kuwapoteza wote.

Jim Konstanty alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la New York. Alisomea elimu ya michezo Chuo Kikuu cha Syracuse, akawa mwalimu. Ligi kuu aliifikia na miaka 27, akarudishwa ligi za chini, na Phillies wa Philadelphia walipomchukua mwaka 1948 alikuwa na 31. Kwa mwanamichezo, hapo wengi wanaanza kukuaga. Tena alivaa miwani, na mpira wake haukuwa na kasi. Alitegemea mpira unaopinda. Na hebu sikia aliyemsaidia kuunoa: rafiki yake Andy Skinner, mtu wa biashara ya mazishi! Besiboli haikuwa kazi yake, ila alielewa jinsi mpira unavyozunguka, na Konstanty, na digrii yake yote, hakuona aibu kumsikiliza.

Mwaka 1950 aliingia mechi 74, zote kama wa akiba. Alishinda 16, na nyingine 22 akalinda ushindi ulioanzishwa na wenzake. Phillies wakachukua ubingwa wa Ligi ya Taifa, mara ya kwanza tangu 1915, naye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Hakuna mrushaji wa akiba aliyewahi kuipata kabla yake.

Ikaja fainali dhidi ya Yankees. Curt Simmons ameitwa jeshini, Robin Roberts amechoka. Kocha Eddie Sawyer akampa Konstanty mpira aanze yeye, kazi ambayo msimu mzima hakuifanya hata mara moja. Akarusha raundi nane, akaruhusu alama moja tu. Wenzake hawakupata hata moja. Wakafungwa 1-0, na kwenye kumbukumbu aliyeshindwa ni yeye. Mimi hapo ningenuna wiki nzima.

Mechi ya tatu na ya nne akaitwa tena katikati. Akaenda. Phillies walipoteza zote nne.

Aliacha kucheza mwaka 1956, akaendesha duka la vifaa vya michezo mjini Oneonta, akasimamia michezo katika Chuo cha Hartwick. Alifariki mwaka 1976.