Maisha ya James Jamerson, Mpiga Besi

Wasomaji wenzangu, siku za tamasha mimi ndimi nisimamaye nyuma ya wenzangu na gitaa la besi, mahali ambapo watazamaji hawapatazami. Sinung'uniki. Lakini nimesoma habari za mtu aliyesimama nyuma hivyo hivyo karibu maisha yake yote, nami nimeona si vema zikae kwangu peke yangu.

James Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, nchi ya Marekani. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alichomeka kijiti ardhini karibu na tundu la sisimizi, akafunga mpira juu yake, akawa anaupiga ili sisimizi wacheze. Mwaka 1954 alimfuata mamaye katika mji wa Detroit. Huko, akiwa mwanafunzi wa sekondari kama sisi, alijifunza besi kubwa ya mbao, ile isimamishwayo sakafuni. Nyuzi zake ni nene, tena ziko mbali na ubao, na mpigaji hana budi kuwa na mkono wa nguvu.

Mwaka 1959 Berry Gordy alianzisha kampuni ya Motown mjini humo, na nyimbo zikarekodiwa katika nyumba ya kawaida. Jamerson aliajiriwa. Baada ya miaka michache alishika gitaa la besi la umeme, Fender Precision, lakini mkono ulikuwa ule ule wa besi ya mbao. Aliziacha nyuzi zikae juu sana, akazipiga kwa kidole cha shahada peke yake.

Na nyuzi zenyewe? Hapa nitakawia kidogo. Uzi wa besi una kiini cha chuma cha pua, na juu yake huzungushiwa waya. Waya ukiwa wa mviringo, uzi huwa na matuta, hulia kwa ukali kama kengele, na hukwaruza vidole. Ukizungushiwa utepe bapa, uzi huwa laini, na mlio wake ni mzito, tena huzimika upesi. Jamerson alitumia nyuzi bapa za La Bella, nene kupita za kawaida; ule mnene kabisa ulikuwa na upana wa karibu milimita 2.8. Mwalimu wa fizikia ametufundisha kwamba kati ya nyuzi mbili za urefu mmoja zenye sauti moja, ile nzito ndiyo hukazwa zaidi. Mimi nilidhani ni maneno ya mtihani tu, hata rafiki mmoja aliponiazima nyuzi bapa nene. Lo! Zilitelezesha vidole kama zimepakwa mafuta, lakini kuzibonyeza ilikuwa kazi. Nusu saa tu, kiganja kikauma.

Yeye hakuzibadili ila uzi ulipokatika. Jasho na uchafu viliua milio ya juu, na sponji iliyowekwa karibu na daraja la gitaa ikafupisha mlio. Ikabaki sauti nene, iliyo kama pigo la ngoma. Isikilizeni mwanzoni mwa wimbo wa The Temptations uitwao My Girl, wa mwaka 1964.

Watu wengi waliimba nyimbo hizo bila kulijua jina lake, maana majina ya wapigaji hayakuandikwa juu ya majalada. Mwaka 1971 ndipo jina lake lilipotokea, katika santuri ya Marvin Gaye, What's Going On.

Kampuni ilihamia Los Angeles mwaka 1972, naye akaenda huko baadaye. Wakati ulikuwa umegeuka. Watu walitaka nyuzi mpya zenye mlio mkali, naye hakukubali kuziacha zake. Kwa maoni yangu ukaidi huo ulimgharimu, ingawa pombe ilimgharimu zaidi. Kazi zikapungua. Siku chache kabla ya kufa kwake gitaa lake likaibiwa. Alifariki tarehe 2 Agosti 1983, umri wake miaka 47, akazikwa Detroit.

Mwaka 2000 aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, Marekani. Nyuzi za rafiki yangu bado ninazo. Ameniambia nizirudishe mwisho wa muhula.